Kidole Gani, Uzi Gani? Somo la Gitaa kwa Vikundi vya Vijana



Vikundi vingi vya vijana tunavyovitembelea vina gitaa moja. Lilinunuliwa kwa michango, au liliachwa na mtu aliyehama, na mara nyingi linaning'inia ukutani kwa sababu yule aliyejua kulipiga amekwenda Nairobi kutafuta kazi. Waliobaki wanalitazama tu. Kikundi kikialikwa arusini kinakwenda na ngoma na kayamba, na safari nyingine mwaliko unapewa wengine wenye vyombo kamili. Basi leo tulishushe gitaa hilo ukutani. Tutazungumza juu ya kodi (siyo ile ya serikali, hii ni ya muziki), na hasa lile swali linalowasumbua wanaoanza: kidole gani kinakwenda wapi?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha kikundi kimoja kila Jumamosi alasiri. Kulikuwa na kijana ambaye kidole chake cha pete, mkono wa kushoto, kilikatwa na mashine ya kukata majani ya ng'ombe alipokuwa mdogo. Kilibaki kipande tu, mpaka kiungo cha kati. Nilipomwona ameshika gitaa nikamwambia kwa upole, nikidhani ninamsaidia, "Kijana wangu, wewe chukua kayamba. Hizi kodi zinataka vidole vyote." Hakubisha. Alisema, "Sawa, mwalimu," akachukua kayamba, akaipiga karibu miezi mitano.

Siku moja nikafika mapema kuliko kawaida, nikasikia gitaa likilia ndani ya ukumbi. G, C, D, pole pole lakini safi kabisa. Nilidhani ni kiongozi wa kikundi. Kumbe ni yeye. Kidole kidogo cha mwisho kilikuwa kinafanya kazi ya kile kilichokatika. Aliponiona akaliweka gitaa chini haraka kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Mimi nilikuwa nimejifunza katika kitabu chenye picha moja kwa kila kodi, na kila kidole kimeandikiwa namba yake. Nikadhani picha ndiyo kodi yenyewe. Miezi mitano ya mtoto wa watu ilipotea hapo.

Sasa kodi ni nini? Wale wa kwaya wanaosoma solfa wataelewa upesi. Kodi ni sauti tatu zinazolia pamoja, kwa mfano do, mi na so. Do ikiwa G, basi do-mi-so ndiyo kodi ya G. Gitaa lina nyuzi sita, kwa hiyo sauti hizo tatu zinarudiwarudiwa, nyingine chini na nyingine juu, mpaka nyuzi zote sita zipate la kusema. Gitaa halijui ni kidole gani kimebonyeza. Linajua tu uzi umebonyezwa wapi. Ukiweza kubonyeza kwa pua, kodi bado ni G.

Kabla ya kuendelea tukubaliane majina. Ukishika gitaa, uzi mwembamba ulio karibu na sakafu ni uzi wa 1, na mnene ulio karibu na kidevu chako ni uzi wa 6. Kuanzia huo mnene zinaitwa E, A, D, G, B, na tena E. Shingoni kuna vyuma vidogo vilivyolala kukata nyuzi, na nafasi kati ya chuma na chuma nitaiita chumba. Chumba cha 1 kiko karibu na kichwa, pale penye vifunguo vya kukazia nyuzi. Vidole vya mkono wa kushoto: cha shahada ni 1, cha kati ni 2, cha pete ni 3, kidogo ni 4. Gumba halina namba, linakaa nyuma ya shingo. (Wako wapigaji wanaolipitisha gumba juu na kubonyezea uzi wa 6, na wanapiga vizuri sana. Lakini tuliache kwa leo.) Anayetumia mkono wa kushoto kucharaza, akageuza gitaa na nyuzi zake, atasoma "kulia" mahali nilipoandika "kushoto". Mengine ni yale yale.

Kodi ya G iko hivi:

uzi wa 6, chumba cha 3
uzi wa 5, chumba cha 2
uzi wa 1, chumba cha 3

Nyuzi za 4, 3 na 2 zinaachwa wazi. Ukihesabu kuanzia uzi wa 6 utapata do, mi, so, do, mi, do. Angalia kwamba sijataja kidole hata kimoja, na kodi tayari imekamilika. Kidole ni jambo la pili.

Njia ya kwanza ya kuishika G, ambayo iko katika vitabu vingi, ni kidole cha 2 kwenye uzi wa 6, cha 1 kwenye uzi wa 5, na cha 3 kule chini kwenye uzi wa 1. Njia ya pili ni kuvisogeza vyote: cha 3 kwenye uzi wa 6, cha 2 kwenye uzi wa 5, cha 4 kwenye uzi wa 1. Sauti ni ile ile. Wanafunzi wakiuliza ipi ni sahihi, mimi nawauliza: unatoka wapi, na unakwenda wapi? Hakuna wimbo wa kodi moja. Taabu ya anayeanza haiko katika kushika G, kwa sababu akipewa dakika mbili ataishika. Taabu iko pale wimbo unapotaka C sasa hivi na vidole vyake bado vinatafutana hewani huku waimbaji wamekwisha kupita.

Kodi ya C ni hii: uzi wa 5 chumba cha 3, uzi wa 4 chumba cha 2, uzi wa 2 chumba cha 1. Kwa kawaida inashikwa kwa kidole cha 3, cha 2 na cha 1 kwa utaratibu huo, na uzi wa 6 haupigwi. Sasa tazama. Kama G uliishika kwa njia ya pili, kidole cha 3 kiko uzi wa 6 chumba cha 3, na cha 2 kiko uzi wa 5 chumba cha 2. Kwenda C, vidole hivyo viwili vinashuka pamoja uzi mmoja tu, bila kubadili chumba, na cha 1 kilichokuwa kimekaa bure kinaangukia mahali pake. Kidole cha 4 kinanyanyuka. Basi. Lakini kama G uliishika kwa njia ya kwanza, vidole vyote vitatu vinabadilisha kazi, kila kimoja kinahama nyumba. Inawezekana, watu wanafanya, ila inachukua muda mrefu zaidi kuzoea.

Kwa hiyo njia ya pili ndiyo bora? Ngoja kwanza. Wimbo ukitoka G kwenda D mambo yanageuka. D ni uzi wa 3 chumba cha 2, uzi wa 2 chumba cha 3, na uzi wa 1 chumba cha 2, na vidole vyake kwa utaratibu huo ni cha 1, cha 3 na cha 2. Nyuzi za 6 na 5 hazipigwi. Mwenye kuishika G kwa njia ya kwanza ana kidole cha 3 kwenye uzi wa 1 chumba cha 3. Anakipandisha uzi mmoja, chumba kile kile, kisha vile viwili vinakifuata. Wengine huongeza ujanja mwingine: wanaishika G kwa vidole vinne, yaani cha 2 uzi wa 6, cha 1 uzi wa 5, cha 3 uzi wa 2 chumba cha 3, na cha 4 uzi wa 1 chumba cha 3. Bado ni G, ila pale uzi wa 2 sasa una so badala ya mi. Hapo kidole cha 3 hakiondoki kabisa G inapogeuka kuwa D. Kimekaa kama nguzo ya nyumba, wengine wanazunguka.

Nguzo ndiyo ya kutafuta. Kila unapobadilisha kodi, uliza: kuna kidole kinachoweza kubaki? Kama hakuna, kuna kinachoweza kuteleza kwenye uzi ule ule bila kunyanyuliwa? Kama hakuna, kuna viwili vinavyoweza kuhama pamoja bila kuachana? Maswali hayo matatu yananisaidia kuliko picha zote za vitabuni.

Mfano mzuri kuliko wote, kwangu mimi, ni A, D na E. Kodi ya A ni nyuzi za 4, 3 na 2, zote chumba cha 2. Vitabu vinapanga vidole kama wanafunzi gwarideni: cha 1 uzi wa 4, cha 2 uzi wa 3, cha 3 uzi wa 2. Mwenye vidole vinene anajua vile vinavyosongamana humo kama abiria wa matatu. Jaribu kuvibadilisha: cha 2 kwenye uzi wa 4, cha 1 kwenye uzi wa 3, cha 3 kwenye uzi wa 2. Kwanza msongamano unapungua kwa sababu cha 1 kinarudi nyuma kidogo. Halafu angalia unapokwenda D: kidole cha 1 kiko tayari uzi wa 3 chumba cha 2, hakiondoki, na cha 3 kinateleza kwenye uzi wa 2 kutoka chumba cha 2 kwenda cha 3. Ukienda E (uzi wa 5 chumba cha 2 kwa kidole cha 2, uzi wa 4 chumba cha 2 kwa kidole cha 3, uzi wa 3 chumba cha 1 kwa kidole cha 1), kidole cha 1 kinateleza nyuma chumba kimoja kwenye uzi wake ule ule. Kwa hiyo wimbo mzima wa A, D na E unaweza kupigwa na kidole cha 1 hakijaachana na uzi wa 3. Nilipoonyeshwa hivyo na mpigaji mmoja mzee nilitaka kucheka na kulia pamoja, kwa sababu nilikuwa nimepiga miaka sita kwa njia ya gwaride.

Nyingine nitazipitia haraka. Kutoka C kwenda A ndogo (Am), kidole cha 1 na cha 2 vinabaki, cha 3 tu kinahama kwenda uzi wa 3 chumba cha 2. Kutoka C kwenda D7, cha 1 kinabaki uzi wa 2 chumba cha 1, cha 2 kinashuka kutoka uzi wa 4 kwenda wa 3, na cha 3 kinakwenda uzi wa 1 chumba cha 2. Ndiyo sababu wanaoanza wanaipata D7 upesi kuliko D, na katika nyimbo nyingi za G inafaa kabisa mahali pa D unaporudi nyumbani kwa do. E ndogo (Em) ni uzi wa 5 na wa 4, vyote chumba cha 2. Ukitoka G ya kwanza tumia kidole cha 1 na cha 2, ukitoka G ya pili tumia cha 2 na cha 3.

F ndiyo inayowafukuza watu. Kidole cha 1 kinatakiwa kulala juu ya nyuzi zote sita katika chumba cha 1, na kwa gitaa ambalo nyuzi zake zimesimama juu sana hiyo ni kazi ya mtu mzima aliyeshiba. Anza na F ya nyuzi nne: uzi wa 4 chumba cha 3 kwa kidole cha 3, uzi wa 3 chumba cha 2 kwa kidole cha 2, na kidole cha 1 kilazwe kidogo tu kibonyeze nyuzi za 2 na 1 katika chumba cha 1. Nyuzi za 5 na 6 usizipige. Tazama tena: kutoka C, cha 3 na cha 2 vinashuka pamoja uzi mmoja, cha 1 kiko pale pale, kinalala tu.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Yeye ana kidole cha 1, cha 2 na cha 4. G anashika kwa cha 2, cha 1 na cha 4, sauti zote sita zipo. C anashika uzi wa 5 kwa kidole cha 4, mengine kama kawaida. Mwanzoni kidole kidogo kilikuwa hakifiki vizuri, basi akawa anauacha uzi wa 5 na kupiga nyuzi nne za chini tu, ambazo zina mi, so, do, mi za C. Hakuna aliyelalamika. D7 ni cha 1 uzi wa 2, cha 2 uzi wa 3, cha 4 uzi wa 1. Na kutoka C, nguzo yake ni ile ile ya kidole cha 1. Hakuna hata moja kati ya kodi hizi iliyohitaji kidole cha pete. Mimi ndiye niliyekihitaji.

Wala hakuwa wa kwanza. Django Reinhardt alizaliwa Ubelgiji mwaka 1910 katika jamii ya Waroma. Mwaka 1928 gari walilokuwa wakiishi liliwaka moto, akaungua vibaya, na kidole cha pete na kidogo cha mkono wa kushoto vikakakamaa. Alijifunza upya. Muziki wake wa haraka aliupiga kwa vidole viwili, na vile vilivyokakamaa akavitumia kidogo tu kwenye kodi. Mwaka 1934 aliunda bendi huko Paris pamoja na mpiga fidla Stéphane Grappelli, na wapigaji wa gitaa wanajifunza kwake mpaka leo. Na huku kwetu, wazee wanaomkumbuka Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville (sasa Likasi) mwaka 1952, wajue kwamba mkono wake wa kulia ulifanya kazi kwa gumba na kidole cha shahada tu. Mtu akisikia sahani hizo anadhani ni wapigaji wawili.

Isije ikafikiriwa kwamba nasema kila mtu ajipangie ovyo. Chagua kwa sababu, na ukishachagua kwa wimbo fulani usibadilishe kila Jumamosi, maana mkono unakumbuka njia kama ng'ombe anavyokumbuka njia ya mtoni. Tena usichague njia inayopinda kifundo cha mkono mpaka kiume. Ncha za vidole zitauma wiki za kwanza, hayo ni ya kawaida, ngozi itakuwa ngumu. Lakini maumivu ya kifundo au ya viungo si ya kuvumilia. Pumzika, inua shingo ya gitaa kidogo, jaribu mpango mwingine. Kata kucha za mkono wa kushoto. Bonyeza karibu kabisa na chuma cha chumba hicho, upande wa kuelekea mwili wa gitaa, na utaona unahitaji nguvu ndogo. Uzi ukitoa sauti ya nyuki, mara nyingi ni hapo tu ulipokosea, au kidole cha jirani kimeugusa.

Kama gitaa la kikundi ni gumu sana, legezeni nyuzi zote kwa kipimo kimoja, sauti ishuke kidogo, mjifunzie hapo. Na kama G iko chini mno kwa waimbaji, hakuna haja ya kujifunza kodi mpya: fungeni penseli ngumu juu ya nyuzi katika chumba cha 2 kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, ukazwe sawasawa, na kodi ya G italia A. Dukani kifaa hicho kinaitwa kapo. Cha penseli hakidumu, lakini arusi moja kinamaliza.

Zoezi la wiki hii ni la watu wawili wawili, kwa hiyo gitaa moja linatosha. Mmoja anashika gitaa, mwingine anashika saa. Kwa dakika moja badilisha G na C tu, charaza mara moja kila kodi, mwenzako ahesabu ni mara ngapi umebadilisha na kila uzi umelia. Isiyolia vizuri haihesabiwi. Fanya kwanza kwa G ya njia ya kwanza, kisha kwa ya pili, andika namba zote mbili ubaoni. Halafu G na D vivyo hivyo. Namba za mmoja hazitafanana na za mwingine, kwa sababu mikono haifanani, na mtu asichekwe. Kama kuna mwenye kidole kilichoumia, au mkono mdogo kama wa mtoto wa darasa la nne, apewe muda zaidi ya wengine na aachwe ajaribu mpango wake mwenyewe kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Yule kijana sasa ndiye anayefundisha Jumamosi. Kayamba ninapiga mimi.